Mwanangu kapimwa IQ kapata 78. Hivi vipimo hivi vinapima akili kweli?

#1 Mama Pacha
Wakuu, salaam. Wenye uelewa nisaidieni kabla sijaamua jambo kwa hasira.

Nina pacha, Kulwa na Doto, miaka minane. Hadi mwaka jana walikuwa Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa bibi yao, wanasoma shule ya serikali. Januari nikawaleta Mwanza nikawaingiza shule moja ya ingilishi midiamu. Mwezi uliopita shule ikaleta mtaalamu kutoka Dar, akawapima IQ watoto wote wageni. Majibu: Kulwa 97, Doto 78. Mwalimu mkuu ananiambia Doto arudi darasa la kwanza, au nimtafutie shule yenye kitengo maalumu, maana "uwezo wake ndio huo".

Sasa huyo Doto ndiye ninayemtuma dukani. Kulwa ukimtuma vitu vitatu anarudi na kimoja, chenji pungufu, na hadithi ndefu. Doto hapungukiwi hata shilingi hamsini, na anakueleza mwenye duka alitaka kumpunja kwenye nini.

Hiyo namba inapima akili au kitu kingine? Nawasilisha.

#2 Ngosha wa Magu
Dada, pole. Huyo Doto nipe mimi, nina duka la pembejeo linaliwa na vijana wasomi. Ngoja wataalamu waje. Mimi IQ yangu alipima mama mkwe, na majibu hajatoa mpaka leo.

#3 Kimya Kimya
Nimeketi.

#4 Bwana Takwimu
Mama Pacha, tuanze na namba yenyewe, maana watu hapa watakimbilia kuitukana kabla ya kuielewa.

Vipimo hivi vimepangwa ili wastani uwe 100, na watu wengi, kama 68 kati ya mia, waangukie kati ya 85 na 115. Mwenye 78 ana watu kama saba tu chini yake katika kila mia. 97 ni kawaida kabisa. Halafu hakuna kipimo kisicho na kosa. 78 isome kama "mahali fulani kati ya 71 na 85". Aliyekuambia "ndio huo" kwa namba moja ya siku moja, kasoma nusu ya karatasi.

Lakini nisipindishe. Vipimo hivi vinabashiri matokeo ya shule kuliko karibu kitu kingine chochote ambacho wanasaikolojia wamewahi kubuni. Pengo la alama 19 kati ya ndugu waliolelewa nyumba moja si la kupuuza. Karatasi imeandikwa jina gani la kipimo?

#5 Mama Pacha
Asante Bwana Takwimu. Imeandikwa WISC.

#6 Mjuzi wa Malimbe
Nasoma saikolojia, mwaka wa tatu, kwa hiyo hapa ni nyumbani.

Kinachochekesha ni kwamba kipimo cha kwanza kilitengenezwa kwa tatizo kama la Doto. Paris, 1905, serikali ya Ufaransa ilitaka kujua watoto gani shule inawashinda ili wasaidiwe. Alfred Binet na Théodore Simon wakatunga maswali kuanzia mepesi kwenda magumu. Binet mwenyewe alikataa kabisa wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichofungwa kisichoongezeka. Kilipovuka bahari kwenda Marekani ndipo kilipogeuka. Lewis Terman wa Stanford akakitoa upya 1916, na mwaka uliofuata jeshi likaanza kupima wanajeshi, wakafika karibu milioni 1.7. Kwa wasiojua kusoma Kiingereza waliweka picha zilizokosa kitu, mtu aseme nini hakipo. Picha moja ni gramafoni isiyo na pembe, nyingine uwanja wa tenisi usio na wavu. Mkulima ametoka Italia juzi, tenisi kaiona wapi? Akikosa, anaandikwa akili ndogo.

Kwa hiyo huyo Binet na IQ yake alikuwa na nia njema, wafuasi ndio walioharibu.

#7 Bwana Takwimu
Marekebisho kidogo. "IQ" si ya Binet. Yeye alitoa umri wa akili tu, yaani mtoto anaweza maswali ya watoto wa umri gani. Aliyegawanya umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa ni Mjerumani William Stern, 1912. Na WISC ya Mama Pacha, ambayo ni kipimo cha watoto, haitumii hesabu hiyo, inamlinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule. Hiyo ni kazi ya David Wechsler.

#8 Mjuzi wa Malimbe
Nimesema "IQ yake" kwa maana ya mchezo wake, mkuu. Tusikamatane mashati kwa kiambishi.

#9 Mzee wa Mwaloni
Nina miaka mingi Kirumba, nauza dagaa. Nina kijana pale hajui kusoma hata jina lake. Mzigo ukishuka haangalii gunia, anaingiza mkono hadi kiwiko, anatoa wa katikati. Anauminya, anauvunja shingo, anausikiliza. Atakuambia huu ulianikwa mchangani na huu ulianikwa kwenye chanja, huu ulinyeshewa ukarudiwa kukaushwa, huu utafika Kongo umekuwa unga. Wateja wa mkopo arobaini anao kichwani, na nani alilipa nusu lini. Mhasibu wetu ana digrii na kila Ijumaa anamuuliza yeye.

Mleteni huyo mtaalamu wa Dar tumpime kwa dagaa.

#10 Binti Igogo
Mzee umeua 😂😂 Mtaalamu atapata 12.

#11 Bwana Takwimu
Shikamoo mzee. Heshima kwa kijana wako, ila huo ni uzoefu. Ukinipa miaka kumi mwaloni nami nitajua. Swali la akili ni hili: ukiwapa watu wawili kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, nani atakishika mapema? Ndiyo maana John Raven alitoa kipimo chake mwaka 1938 kikiwa michoro mitupu. Hakuna lugha, hakuna tenisi, unatafuta kipande kinachokamilisha mpangilio.

#12 Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Miaka kumi unajipa mwenyewe, yeye alitumia miwili. Walianza vijana sita, watano wako palepale wanabeba ndoo. Hiyo tofauti kati yake na wale watano unaiitaje?

#13 Ngosha wa Magu
Bwana Takwimu jibu, tunakusubiri. Mimi nimeenda kuleta karanga.

#14 Bwana Takwimu
Hiyo naiita akili, mzee. Na ningebashiri kwamba ukimpa michoro ya Raven atawapita wale watano. Charles Spearman aliliona hilo 1904: anayefanya vizuri jambo moja la kichwa huelekea kufanya vizuri na mengine. Hatupingani kama unavyodhani.

#15 Mtani wa Sirari
Hapo kwenye "anayeweza hili anaweza na lile" nasimama. Kwetu kwenye ziwa hilihili, upande wa Kenya, kuna mahali panaitwa Usenge. Mmarekani Robert Sternberg na wenzake walipima watoto wa pale, wakachapisha 2001. Walitunga maswali ya mitishamba: mtoto ana minyoo, dawa ipi, inachumwa wapi, anapewa kiasi gani. Wakawapa na vipimo vya kawaida.

Matokeo ni kinyume cha Spearman. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata kidogo zaidi kwenye msamiati wa Kiingereza. Maelezo ya wenyewe ni kwamba nyumba nyingine inaona mtoto huyu atabaki kijijini, inamfundisha ya kijijini, nyingine inamwekeza shuleni. Muda ni uleule mmoja.

Doto na bibi Nansio, Kulwa je? Walikuwa wanafanya kazi zilezile?

#16 Mama Pacha
Hapana! Kulwa alikuwa wa vitabu, mjomba wao mwalimu alikuwa anakaa naye jioni. Doto alikuwa na bibi gengeni.

#17 Mkerewe Halisi
Basi kesi imeisha. Mtoto wa Kisiwani hapimwi na mtu aliyeogopa kupanda meli.

#18 Mama Pacha
Haijaisha, kaka. Uamuzi natakiwa kuutoa Jumatatu.

#19 Fundi Waya
Mimi si msomi, ila kuna kitu nilikisoma hakijawahi kunitoka. Robert Serpell wa Zambia aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kunakili umbo. Kwa karatasi na penseli, Waingereza wakashinda. Kwa waya, Wazambia wakashinda. Kwa udongo wakalingana. Umbo ni lilelile, macho ni yaleyale.

Sisi tuliokua Mabatini tukitengeneza malori ya waya, magurudumu ya kandambili, usukani unakata kona kweli, mtihani wa darasa la saba ulituona mabogasi. Mimi sasa nachomelea mageti. Hakuna aliyewahi kunipa mtihani wa waya.

#20 Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha darasa la kwanza hadi la saba miaka mingi, ruhusuni nichafue hewa kidogo.

Yote mnayosema ni kweli, na kwa kweli hiyohiyo nimeona watoto wakiumia. Nimesikia "ni lugha tu", "ni mgeni tu", "atachangamka". Mtoto anafika la nne hasomi, anakariri mashairi ya ukutani ili aonekane anasoma. Anavuka kwa mtihani wa kuchagua herufi, maana hata anayefumba macho anapata kadhaa. Kipimo kingepigwa mapema kingemuokoa. Kosa la yule mwalimu mkuu ni kutoa hukumu. Kupima si kosa.

Ila na kupima kuna namna. Mtoto wetu akiulizwa na mtu mzima swali ambalo mtu mzima anajua jibu lake, anajua kuna mtego. Nyumbani haulizwi hivyo, nyumbani anatumwa. Joseph Glick alikuwa Liberia na wakulima wa Kikpelle, akawapa vitu wavipange. Wakaweka kisu na chungwa, maana kisu hukata chungwa. Kila mara wanamwambia mtu mwenye busara angepanga hivi. Alipochoka akauliza: mpumbavu angepangaje? Wakamwekea vyombo na vyombo, vyakula na vyakula, safi kabisa kama kitabu chake kinavyotaka.

#21 Mjuzi wa Malimbe
Shikamoo mwalimu. Naongezea Bagamoyo. Timu ya huyohuyo Sternberg iliwapima watoto wa shule pale, kisha ikawafundisha muda mfupi mbinu za maswali, ikapima tena. Alama zilipanda, na kubwa zaidi, mpangilio wa nani wa kwanza nani wa mwisho ulibadilika sana. Aliyekuwa mkiani hakubaki mkiani. Dada, wambie wampime Doto hivyo.

Na Bwana Takwimu, Terman alitafuta watoto wenye vipaji California kwa kipimo chake kuanzia 1921. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa, hawakufika kiwango. Wote wawili wakaja kuchukua Nobeli ya fizikia, 1956 na 1968. Wale aliowachagua, zaidi ya 1,500, hakuna aliyeipata.

#22 Bwana Takwimu
Hiyo huwa inapigiwa makofi sana. Kwenye waliokataliwa mamia kwa maelfu, wawili walipata Nobeli. Wengine wote nao hawakupata. Hesabu hiyo haisemi lolote.

#23 Nesi wa Zamu
Nimetoka zamu ya usiku, naona mmefika California na mtoto yuko Mwanza. Mama Pacha, nijibu haya: Doto aliwahi kulazwa malaria kali au degedege? Sikio linatoa usaha? Akiangalia TV anasogea au anaongeza sauti? Ana tabia ya kusema "eeh?" ukimwita kwa nyuma?

#24 Mama Pacha
Nesi, umeingia ndani kwangu? Degedege alipata akiwa na miaka miwili na nusu, tukalala wodini siku kadhaa. Sikio la kushoto hutoa usaha kila msimu wa mvua, bibi alikuwa anamtia mafuta ya moto. TV anakaa nayo pua kwa pua.

#25 Nesi wa Zamu
Mafuta yaacheni leo. Mpeleke kliniki ya masikio wampime usikivu, na macho siku hiyohiyo. Malaria iliyopanda kichwani huweza kuacha alama kwenye kumbukumbu na umakini hata mtoto akipona vizuri kwa macho. Na huyo mtaalamu alisoma maswali ya Kiingereza kwa mdomo, akiwa amekaa upande gani? Kama ni kushoto kwake, kampima sikio.

#26 Ngosha wa Magu
Mimi nina swali la kitafiti. Kulwa ndiye alitangulia kutoka, Doto akafuata. Mbona mnashangaa Doto kuwa wa pili? Na Shija, yule wa kuzaliwa baada ya pacha, yuko wapi?

#27 Mama Pacha
Shija yupo tumboni, na ukiendelea hivi nitamwita Ngosha 😂

#28 Binti Igogo
Hongera dada! Uzi umekuwa wa uzazi sasa.

#29 Mtani wa Sirari
Hongera. Turudi. Kama IQ ni akili ya kuzaliwa, nielezeni James Flynn wa New Zealand. Alionyesha 1984 kwamba Wamarekani walipanda karibu alama 14 kati ya 1932 na 1978, kama alama tatu kila muongo. Embu, Kenya, nako watoto waliopimwa 1998 waliwapita sana wale wa 1984. Damu haibadiliki kwa miaka 14.

#30 Mkerewe Halisi
Kwa hiyo babu zetu walikuwa mataahira? Waliojenga matuta na mazizi Ukara, watu wamebanana vile na kisiwa kinawalisha?

#31 Mtani wa Sirari
Ndiyo maana Flynn mwenyewe hakukubali kwamba akili imepanda kiasi hicho. Kilichopanda ni mazoea ya kufikiri kwa mafungu na "tuseme kwamba...". Lishe, shule, familia ndogo, kila mtu ana sababu yake, hawajakubaliana.

#32 Mzee wa Mwaloni
Na njaa je? Mbalamwezi ikikaa, dagaa hawapatikani, mfukoni hakuna kitu. Wiki hiyo watu wazima wanagombana kwa hesabu ya ndoo mbili. Giza likirudi, taa zikaingia ziwani, watu walewale wana akili.

#33 Bwana Takwimu
Mzee, hilo limepimwa. India, wakulima wa miwa Tamil Nadu, mtu yuleyule kabla ya mavuno hana hela na baada ya mavuno anazo. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye michoro kama ile ya Raven. Lilichapishwa 2013. Nalipenda kwa sababu halilinganishi tajiri na maskini, linalinganisha mtu na yeye mwenyewe.

#34 Ngosha wa Magu
Leo mmekubaliana, mvua itanyesha. Mimi naweka swali la IQ hapa: 2, 4, 8, inayofuata ni ngapi?

#35 Binti Igogo
16. Lete ngumu.

#36 Fundi Waya
14. Umeongeza mbili, ukaongeza nne, sasa ongeza sita.

#37 Binti Igogo
Kitabuni ni 16.

#38 Fundi Waya
Kitabu cha nani?

#39 Mjuzi wa Malimbe
Zote mbili zina kanuni. Ila msahihishaji ana jibu moja, na mtoto aliyeona 14 anaandikwa sifuri.

#40 Bwana Takwimu
Ndiyo maana vipimo vya maana huweka namba za kutosha mpaka kanuni moja tu ibaki. Hilo ni swali baya, sio kipimo.

Mama Pacha, la muhimu zaidi. Omba mchanganuo. WISC si namba moja, ina sehemu: lugha, maumbo, kumbukumbu ya muda mfupi, kasi. 78 inaweza kuwa mtoto aliye chini kila mahali, au mtoto aliye sawa kwingine akaanguka sehemu moja vibaya. Hao ni watoto wawili tofauti kabisa. Na uulize watoto waliotumika kuweka huo wastani wa 100 ni wa nchi gani.

#41 Mama Pacha
Nimeenda leo, wamenipa baada ya kuzungushana. Wastani ni wa watoto wa Marekani. Doto: maumbo 94. Kumbukumbu 85. Lugha 76. Kasi 69.

#42 Mjuzi wa Malimbe
Lugha 76 kwa Kiingereza cha miezi michache! Nilisema.

#43 Nesi wa Zamu
Lugha na kumbukumbu zote ni za kusikiliza. Sikio. Maumbo ni ya macho, angalia alivyofanya, tena huyo anayesogelea TV.

#44 Mwalimu Mstaafu
Na Kulwa alipimwa kwa Kiingereza hichohicho cha miezi hiyohiyo, akapata 97. Msiifiche hiyo chini ya mkeka. Kasi 69 nayo hamjaigusa.

#45 Ngosha wa Magu
Kasi ni Ukerewe, meli yenyewe inachukua saa tatu na zaidi.

#46 Bwana Takwimu
Mwalimu yuko sahihi, kasi ndiyo ya kutazama. Zoezi mojawapo ni kunakili alama ndogondogo kwa penseli, dakika mbili, kwa kufuata ufunguo ulio juu ya karatasi. Doto anaandika kwa mkono gani?

#47 Mama Pacha
Kushoto. Shule ya zamani alikuwa anachapwa vidole, akahamia kulia. Hapa nimemwona anabadilisha katikati ya mstari.

#48 Bwana Takwimu
Basi muulize mtaalamu kama aliliona hilo. Anayeandika kushoto mkono wake unaweza kufunika ufunguo, na msimamizi makini humwekea karatasi ya pili pembeni.

#49 Mwalimu Mstaafu
Mkono hauwezi kula alama thelathini. Nimekuwa na watoto wa kushoto wanaoandika kama cherehani. Anayebadilisha mkono katikati ya mstari mimi ningemwangalia kwa karibu, shida ya kuandika ipo na ina jina lake. Mama, usikubali arudi la kwanza, na usikubali kuambiwa hana kitu.

#50 Nesi wa Zamu
Mwalimu, baada ya degedege mkono mmoja huweza kubaki dhaifu kidogo pasipo mtu kujua. Mama, kushoto alianza lini, kabla ya kulazwa au baada?

#51 Mama Pacha
Sikumbuki. Nampigia bibi.